Kutengeneza IPA nyumbani kwa vimea maalumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu IPA (India Pale Ale) ya mtindo wa Marekani, bia yenye hopsi nyingi, yaani maua ya mmea unaoipa bia uchungu na harufu. Vipimo vyote ni vya lita 21 zinazoingia kwenye ndoo ya kuchachushia, ambazo mwishoni hutoa chupa kama 38 za nusu lita.

IPA inatofautianaje na lager tuliyoizoea?

Lager nyingi za dukani zina uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 10 hadi 20 na harufu ndogo sana ya hopsi. IPA ya Kimarekani huwa na IBU 40 hadi 70, kilevi asilimia 5.5 hadi 7.5, na harufu ya chungwa, balungi, embe au msonobari kulingana na hopsi zilizotumika. Huchachuka kwenye joto la juu kuliko lager, na ikiwa na wiki tatu au nne iko tayari kunywewa.

Jina lilianzia Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda cha Bow cha George Hodgson, London, kilikuwa kikipeleka India bia ya rangi hafifu yenye hopsi nyingi. Miaka ya 1820 viwanda vya Burton upon Trent viliingia soko hilo, vikisaidiwa na maji ya kwao yenye salfeti nyingi. Ile hadithi kwamba bila hopsi hizo hakuna bia ambayo ingefika India salama imetiwa chumvi, kwa sababu porter, bia nyeusi ya Kiingereza, nayo ilikuwa ikisafirishwa huko. IPA tunayoizungumzia hapa ni ya Marekani, na ilikua pamoja na hopsi ya Cascade iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972.

Ni viungo gani na kwa kiasi gani?

Kimea, jumla kilo 6.1:
- kimea hafifu cha shayiri (cha msingi): kilo 5.2
- kimea cha Munich: gramu 400
- kimea cha kristali cha 40 Lovibond (kipimo cha rangi ya kimea): gramu 250
- kimea cha ngano: gramu 250

Hopsi za vidonge, jumla gramu 265:
- Magnum (asidi alfa, inayogeuka uchungu ikichemshwa, asilimia 12): gramu 25, dakika 60 za kuchemsha
- Centennial (asilimia 10): gramu 30, zikibaki dakika 10
- Citra gramu 60 na Cascade gramu 30: moto ukishazimwa na joto kushuka hadi 80°C, zikae dakika 20
- Citra gramu 70 na Cascade gramu 50: hopsi kavu (zinazotiwa ndani ya ndoo ya kuchachushia bila kuchemshwa), siku 3

Hamira ni pakiti moja ya gramu 11.5 ya US-05. Kama kimea chako kinatoa asilimia 70 ya sukari yake, graviti (uzito wa bia ukilinganishwa na maji, unaoonyesha sukari iliyomo) ya mwanzo itakuwa 1.062, ya mwisho karibu 1.012, na kilevi asilimia 6.5.

Kila kimea maalumu kinafanya kazi gani?

Kimea cha msingi ndicho kinachotoa sukari karibu yote na vimeng'enya vyote vya kuaminika. Vimea maalumu ni kama bizari kwenye pilau: vikizidi, huonji kingine.

Kimea cha kristali hutengenezwa tofauti na vingine. Shayiri iliyoota hupashwa moto ikiwa bado mbichi na yenye maji, kwenye joto la kama 65 hadi 70°C, hivyo wanga hugeuka sukari ndani ya punje yenyewe. Kisha hukaushwa kwa joto kali, sukari ikaganda. Ukivunja punje kwa meno unaona kiini kigumu kinachong'aa kama kioo, si unga mweupe. Ndiyo maana hakihitaji vimeng'enya, na ndiyo maana huacha utamu ambao hamira haiwezi kuumaliza wote.

Munich hukaushwa kwa joto la juu kidogo kuliko kimea cha msingi na huleta ladha ya mkate uliobanikwa bila kuongeza utamu mwingi. Ina wanga, kwa hiyo lazima ilowekwe pamoja na kimea cha msingi. Ngano hushikilia povu.

Mbona mapishi ya zamani yanataka gramu 500 hadi 700 za kristali?

Yalikuwa mtindo wa wakati wake, na kwa maoni yetu mengi yameshapitwa. Kristali ikizidi asilimia 5 ya kimea chote, utamu wa karameli huanza kugombana na hopsi za matunda, bia inakuwa nzito mdomoni, na wiki chache baadaye ladha inageuka kuwa ya zabibu kavu. Kristali nyeusi, kuanzia 80 Lovibond, ni mbaya zaidi kwa hilo. Ukitaka IPA ya Kiingereza yenye kimea cha Maris Otter na hopsi za Fuggle au East Kent Goldings, hapo kristali ina nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa hopsi zake ni za udongo na maua, wala hazipambani nayo.

Kwa IPA nyeusi, tumia gramu 250 hadi 300 za kimea cheusi kilichomenywa maganda, kama Carafa Special. Kimea cheusi chenye maganda huleta ukakasi wa kahawa iliyoungua, nao haupatani na uchungu wa hopsi.

Naweza kutumia kimea cha mtama au ulezi?

Kama nyongeza, ndiyo, mpaka asilimia 10. Kama kimea cha msingi, hapana, si kwa utaratibu huu. Wanga wa mtama hulainika kwenye kama 68 hadi 78°C, juu ya joto tunalolowekea shayiri, na kimea cha mtama kina upungufu wa beta-amilesi, kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Kisage, kipike uji kwa dakika 20, kipoe hadi karibu 70°C, ndipo ukichanganye na shayiri. Usipokipika utapata bia yenye ukungu wa wanga na graviti ya chini.

Je, kimea nikisage kwenye mashine ya posho?

Hapana. Mashine ya posho hutoa unga, na unga hushikana ukawa bonge ambalo maji hayapiti. Unataka punje zipasuke chenga na maganda yabaki karibu mazima. Mashine ya roli mbili iwekwe nafasi ya milimita 1.0 hadi 1.2. Kinu cha mkono cha mahindi kinafaa pia ukilegeza skrubu. Ukiona punje nzima zaidi ya chache kwenye kiganja, kaza kidogo.

Maji ya bomba yanafaa?

Yanafaa baada ya kuondoa klorini. Klorini ikikutana na fenoli za kimea huzaa harufu ya plasta ya hospitali, na haitoki tena. Nusu kidonge cha Campden (dawa ya kuondoa klorini) kilichosagwa kinatosha lita 33. Koroga, subiri dakika 10. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi: kama ulimi unaisikia, nunua maji ya kunywa.

Maji yakiwa laini, kama ya Nairobi yanayotoka mabwawa ya milimani, ongeza gramu 10 za jasi ya chakula na gramu 3 za kloridi ya kalsiamu kwenye lita 33. Hapo salfeti inafika karibu miligramu 170 kwa lita na kloridi 44, uwiano unaofanya uchungu uwe mkavu na usiobaki kooni. Usitumie jasi ya kupigia dari. pH ya kimea kilicholowekwa iwe 5.2 hadi 5.5, ikizidi, matone ya asidi laktiki yanaishusha.

Utaratibu wa siku ya kupika ukoje?

Sufuria ya lita 40 na mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha maji, kama cha pazia jepesi, vinatosha. Aluminiamu haina tatizo lolote.

Pasha lita 16.5 za maji. Kimea kikiwa na joto la 27°C, kama Mombasa au Dar es Salaam, maji yawe 72°C. Kikiwa 20°C, yawe 73°C. Tia kimea kidogo kidogo ukikoroga, mpaka kusiwe na bonge kavu. Mchanganyiko utulie kwenye 66°C. Funika, vingirisha blanketi, acha dakika 60. Ukitaka kuhakikisha wanga umekwisha, chukua tone la maji ya kimea kwenye sahani nyeupe, weka tone la iodini ya duka la dawa. Likibaki rangi ya kahawia, wanga umeisha. Likigeuka bluu iliyokoza, ongeza dakika 15.

Inua mfuko, uache uchuruzike, kisha uzamishe kwenye ndoo yenye lita 16.5 za maji ya 75°C kwa dakika 10. Maji ya suuza yakizidi 77°C huvuta ukakasi kutoka kwenye maganda. Changanya maji yote mawili: unapaswa kuwa na kama lita 27 kabla ya kuchemsha.

Chemsha dakika 60 bila kufunika, kwa sababu kuna mvuke wenye harufu ya mahindi ya kopo ambao lazima utoke. Dakika tano za mwanzo usiondoke jikoni. Povu hupanda ghafla, na sukari inayomwagikia jiko la gesi hugeuka lami. Chupa ya kupulizia maji baridi huliteremsha povu haraka kuliko kupunguza moto.

Ukishaepua, poza hadi 80°C, tia Citra na Cascade, koroga mzunguko mmoja, subiri dakika 20. Ukizitia maji yakiwa bado yanatokota, mafuta yake mengi yataondoka na mvuke: jikoni kutanukia vizuri, na bia haitanukia.

Kupika Nairobi au nyanda za juu kunabadilisha nini?

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye kama 94°C. Asidi alfa za hopsi hugeuka uchungu polepole zaidi kwenye joto hilo. Tumia gramu 30 za Magnum badala ya 25, au chemsha dakika 80 ukianza na lita moja zaidi ya maji. Hopsi za mwishoni hazihitaji marekebisho.

Napozaje maji ya kimea kwenye joto la pwani?

Bomba la shaba la mita 8 hadi 10 lililoviringwa, likipitishwa maji ya bomba, litakufikisha kama 32°C na kukwama hapo, maana maji yenyewe yana 27°C. Kuna njia mbili. Moja ni kumalizia kwa beseni la barafu mpaka 18°C. Nyingine ni kukubali joto na kubadilisha hamira: kveik ya Voss, hamira ya mashambani ya Norwei, hupenda 30 hadi 40°C na huleta harufu ya chungwa inayoendana vizuri na hopsi hizi. Kwa mtu wa Dar asiye na friji ya ziada tungependekeza Voss bila kusita. Inataka chakula cha hamira, kijiko cha chai kimoja kwenye dakika 10 za mwisho za kuchemsha.

Nikitumia US-05 bila friji je?

Ndoo ikae ndani ya beseni la maji, ifungwe taulo lililolowa, na chupa mbili za maji yaliyoganda zibadilishwe asubuhi na jioni. Hii hushusha nyuzi 4 hadi 6. Siku nne za kwanza ndizo muhimu: bia yenyewe iwe 18 hadi 20°C, si hewa ya chumba, kwa kuwa mchachuko huzalisha joto lake. Ikivuka 25°C siku hizo utapata harufu ya pombe kali na ulevi unaouma kichwa. Baada ya siku ya nne iache ipande hadi 21.

Hopsi kavu zitiwe lini, na zikae muda gani?

Hapa ndipo IPA nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Adui ni oksijeni. Bia iliyokutana na hewa baada ya kuchachuka hupoteza harufu ya hopsi ndani ya siku chache, rangi hukoza kutoka dhahabu hadi kahawia yenye uzambarau, na ladha ikawa ya kadibodi na asali.

Kwa hiyo tia hopsi kavu wakati graviti iko pointi 3 au 4 juu ya ile ya mwisho, tuseme 1.016, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 7. Hamira bado iko macho na itaila oksijeni uliyoingiza ulipofungua kifuniko. Fungua, mimina, funga. Usikoroge, wala usihamishie bia ndoo ya pili. Ushauri huo wa zamani una hasara kubwa kuliko faida. Siku tatu zinatosha. Zikikaa wiki mbili, bia huanza kuonja majani mabichi.

Gramu 120 hapa ni karibu gramu 6 kwa lita. Ukivuka gramu 8 kwa lita, kinachoongezeka zaidi ni ladha ya majani ya chai, pesa zako zinapotea.

Kuna jambo jingine. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata sukari ndefu ambazo hamira ilizishindwa. Baada ya kutia hopsi kavu, graviti inaweza kushuka tena pointi 2 hadi 4. Ukifunga chupa kabla ya hapo, mchachuko huo unaendelea ndani ya chupa: zitafurika zikifunguliwa au zitapasuka. Pima, subiri siku mbili, pima tena. Namba ikiwa ileile, na bia haina harufu ya siagi, endelea.

Graviti imekwama 1.020. Nini kimetokea?

Kwanza hakikisha chombo. Ukipima kwa rifraktomita (kipimo cha sukari kinachotumia mwanga) baada ya mchachuko kuanza, kilevi hukidanganya kipimo na namba huonekana kubwa; tumia haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya bia. Haidromita iliyopangwa kwa 20°C ikitumiwa kwenye bia ya 30°C husoma chini kidogo, ongeza 0.002 hadi 0.003.

Kama kweli imekwama, mara nyingi kosa ni kipimajoto. Kikikosea nyuzi tatu, ulichodhani ni 66°C kilikuwa 69°C, na hapo kimea hutoa sukari ndefu nyingi. Kipime kwenye barafu inayoyeyuka, kisome 0. Bia hiyo haina dawa, lakini inanyweka. Sababu nyingine ni baridi: sogeza ndoo mahali penye 22°C, itikise polepole bila kufungua.

Sukari ya kutia gesi ni kiasi gani?

Sukari ya kawaida ya mezani gramu 110 kwa lita 19, kama bia ilikaa 20°C. Ikiwa ilichachuka kwenye 28°C au zaidi, gramu 125, kwa kuwa bia ya joto hubakiza gesi kidogo. Ichemshe kwa maji kikombe kimoja, imimine chini ya ndoo safi, kisha teremsha bia juu yake kwa mpira unaofika mpaka chini, isichuruzike wala kupiga povu. Mashapo yabaki nyuma.

Chupa za kahawia za nusu lita za bia ndizo bora. Za kijani na za kioo cheupe hupitisha mwanga unaovunja uchungu wa hopsi na kuzaa harufu ya kicheche. Nusu saa juani inatosha. Jaza mpaka sentimita mbili chini ya mdomo. Wiki mbili kwenye joto la chumba, kisha friji.

Naweza kuoshea vyombo kwa Jik?

Kusafisha, ndiyo, kuua vijidudu dakika ya mwisho, heri usitumie, kwa sababu ileile ya klorini. Ukilazimika, suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Star San, dawa ya kuua vijidudu, mililita 1.5 kwa lita haihitaji kusuuzwa, na povu lake halidhuru bia. Kila kinachogusa bia baada ya kupoa kipite humo: mpira, kijiko, vizibo, hata mkasi wa kukatia pakiti ya hamira.

Sina nafasi ya kuloweka kilo sita za kimea. Kuna njia fupi?

Tumia kilo 3.4 za ekstrakti kavu ya kimea hafifu. Loweka gramu 250 za kristali kwenye lita 3 za maji ya 68°C kwa dakika 30, toa bila kukamua, kisha changanya na ekstrakti na uchemshe kama kawaida. Munich iache, haina wenzake wa kuigeuza wanga.

Hopsi haziwezi kupandwa huku?

Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi na majira ya baridi ya kupumzika, vitu ambavyo ikweta haina. Unaota, ila unachanua kidogo sana. Zinazouzwa huku huagizwa kutoka nje, kwa hiyo angalia mwaka wa mavuno, nunua zilizofungwa bila hewa, na uziweke kwenye friza. Vidonge viwe kijani. Vikiwa vya kahawia na kunuka jibini, vitupe.

Inaweza kuwa na ile sumu ya methanoli?

Hapana. Mchachuko wa kimea cha shayiri hutoa methanoli kidogo mno isiyo na madhara. Vifo vinavyoripotiwa hutokana na pombe kali zilizochanganywa methanoli ya viwandani.

Sheria inasemaje?

Marekani iliruhusu kwa sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 1978: galoni 100 kwa mtu mzima kwa mwaka, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, si ya kuuza. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963. Kenya, sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa utengenezaji, kwa hiyo uliza ofisi ya kaunti kabla ya kuwasha jiko. Nchi za Ghuba zina masharti makali zaidi.

Machicha nayapeleka wapi?

Kuku na ng'ombe wanayapenda, yakiwa ya siku hiyohiyo. Kwenye joto yanachacha kufikia kesho yake. Mashapo yenye hopsi yafukiwe mbali na mbwa. Hopsi humpandisha mbwa joto la mwili ghafla na zinaweza kumuua.